Trizah Nabalayo, Mpangaji Aliyeweka Pingamizi

Wakwe zetu wa hapa Shianda, jamaa wote, na nyinyi majirani wa Kawangware mliolala kwenye basi mkiwa mmekaa: asanteni kwa kufika. Familia imemwomba kaka mkubwa wa marehemu, Maurice, awasomee maisha ya dada yake. Imemwomba pia asiongee sana na asimkasirishe mtu. Hilo la kwanza atajaribu.

Marehemu Trizah Nabalayo Shiundu alizaliwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1968, karibu na Misikhu, Bungoma, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Pius Khaemba na marehemu mama Rasoa. Hakuzaliwa nyumbani wala hospitali. Mama yetu alikuwa kiwandani, kwenye foleni ya kupima kahawa, uchungu ulipomshika. Wanawake wakamzungushia leso nyuma ya ghala. Alipomaliza, neno lake la kwanza lilikuwa: "Nani ameshika laini yangu?" Laini ilikuwa imeshikwa. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wanalisukuma gunia lake mbele kila foleni iliposogea, na hakuna aliyempita. Sisi wengine tuliambiwa hadithi hiyo mpaka tukaichoka. Trizah hakuichoka. Alisema yeye ni mtu wa foleni, na mtu wa foleni hapitwi akinyamaza.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975, shule iliyokuwa ng'ambo ya mto kutoka kwetu, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1981 na kupita vizuri. Sekondari alifika kidato cha pili, mwisho wa 1983. Hapo kahawa ikaingiwa na ugonjwa, karo ikakosekana, akarudi nyumbani na sanduku lake kichwani. Kitu alichotoka nacho shuleni ni sauti ya kusoma. Kanisani walimpa Biblia asome kwa sababu hata waliokosa viti ndani walimsikia vizuri kule nje. Majirani walimletea barua awasomee. Barua ya msiba aliisoma polepole. Barua ya mapenzi aliisoma kwa sauti kubwa kuliko mwenyewe alivyotaka.

Alifika Nairobi mwezi wa Januari 1989 na kukaa kwa binamu yetu Gatwekera, Kibera, kwenye chumba cha udongo na mabati ambacho mkilala watu wanne, wa tano anasimama. Kila asubuhi alitembea hadi Makina, ambako mama mmoja wa Kinubi, Mama Zamzam, alimfundisha kusuka. Huyo mama alikuwa mkali. Alimwambia kichwa cha mtu ni nyumba yake, usiingie bila hodi. Trizah alijifunza mistari, akajifunza uzi, akajifunza baadaye hata kusokota rasta za vijana, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha watoto wake wote. Hakuwahi kuwa na saluni. Alikuwa na mwavuli, kigoda na kitana.

Kigoda hicho ndicho kilichomletea mume. Alikiagiza kwa seremala mmoja kijana wa hapa Shianda, anaitwa Shiundu, aliyekuwa anaunda vitanda kule kule Gatwekera. Kikaja kifupi sana. Akakirudisha. Kikaja kirefu sana. Akakirudisha. Mara ya tatu akamwuliza, "Wewe fundi, hujui kupima, ama unataka nikuje tu?" Shiundu akasema anajua kupima vizuri. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991 kanisani Kibera, na Mungu akawajalia watoto wanne: Mildred, Pius, Becky na Kavetsa.

Jina la huyo wa mwisho lazima nilieleze, kwa sababu wapo wazee hapa ambao hadi leo wanauliza lilitoka ukoo gani.

Mwezi wa Februari 2004 moto ulishika Gatwekera. Watu husema zimamoto hawakuja. Si kweli, na marehemu hakupenda uongo huo. Gari lilikuja, na lilikuja mapema. Lilisimama barabara kubwa na maji yake tumboni, likawa linapiga king'ora tu, kwa sababu hapakuwa na njia hata moja ya upana wake ya kuingia. Zamani ilikuwepo. Lakini huyu alisogeza ukuta wake kidogo, yule akaweka kibaraza kidogo, mwingine choo kidogo, na njia ikaisha. Jirani yao mpendwa, Kavetsa, mama wa Kimaragoli aliyekuwa akiwashikia watoto Trizah akienda kazini, hakutoka. Trizah alikuwa na mimba wakati huo. Alipojifungua Septemba alisema mtoto ni Kavetsa. Wazee wa hapa wakamwambia, "Hilo jina si la kwetu." Akajibu, "Sasa ni la kwenu." Na alipoulizwa Kavetsa aliuawa na nini, hakusema moto. Alisema, "Kuta."

Familia ilihamia Kawangware mwaka 2005, kwenye ploti ya marehemu mzee Ndegwa, ambayo wakati huo ilisimamiwa na mwanawe Ng'ang'a pamoja na mama yake, Wagaki. Trizah aliweka mwavuli wake kando ya lango, kwenye njia inayotoka lami kwenda nyumba za nyuma. Njia hiyo ina mita sita. Akina mama wa mboga wanapita hapo, watoto wa shule wanapita, mikokoteni ya maji inapita, na gari la zimamoto likihitajika, litapita. Jambo hilo alilipima siku ya kwanza kabla hajauliza kodi. Alimsimamisha Shiundu upande huu, yeye akasimama upande ule, akasema, "Hapa tunakaa."

Wakakaa vizuri. Mpaka mwaka 2023, ploti ya ng'ambo ya njia ikauzwa kwa kampuni moja, ikazungushiwa mabati marefu, na tukasikia panajengwa ghorofa tisa.

Hapa niwaeleze kidogo, maana huku nyumbani mtu akitaka kujenga anaita ndugu zake wanakata miti, basi. Nairobi, hata ukiwa na ploti na hati yake, jengo si lako peke yako. Unachorewa ramani na mchoraji anayetambuliwa, injinia anaweka sahihi kwamba nguzo zitabeba, halafu zote zinapelekwa kaunti kuomba kibali. Ofisa wa mipango anatakiwa aulize: barabara inatosha? Maji machafu yataenda wapi? Jirani atabaki na mwanga? Zimamoto wataingia? Na kama palikuwa na nyumba ya familia moja na sasa unataka kuweka watu kama wa kijiji kizima, ni lazima utangaze gazetini na usimamishe bango pale pale kwenye ploti, ili mwenye neno aliseme ndani ya siku kumi na nne. Mkinyamaza, kimya chenu kinahesabiwa kuwa ndiyo.

Sasa bango hatukuliona. Siku moja upepo wa mchana uliubeba mwavuli wa marehemu ukauvusha mabati. Akabisha, soja anayelinda lango akamfungulia, akaingia kuuchukua. Ndani akakuta bango limesimama wima, jipya, lina kila kitu kinachotakiwa, na limeelekezwa kwenye choo cha soja. Msimamizi wa kazi alikuwa kijana anaitwa Austin, kijana wa adabu, aliyewaita akina mama wote "mathe", mwenye rasta ambazo marehemu mwenyewe alikuwa akimsokotea. Mazungumzo yao tuliyasikia mara nyingi, kila mmoja akiyasimulia kwa upande wake, na yanalingana.

"Austin, hii notisi inaongea na nani?"

"Mathe, sheria inasema bango liwe kwa site. Si liko kwa site?"

"Linaangalia choo."

"Sheria haijasema liangalie wapi."

"Sawa. Choo kimeshapata habari. Wacha na sisi tupate."

Akalipiga picha kwa simu, mbele, nyuma, na choo chenyewe. Kuanzia siku hiyo, kila aliyekaa kwenye kigoda chake alisomewa lile bango lote kwa ile sauti ya kanisani, kabla kitana hakijagusa kichwa. Akaandika pingamizi: kwamba ramani imekalia njia, kwamba kutoka ukuta mpaka ukuta itabaki nafasi ya mkokoteni tu. Chini yake akawa anaweka majina ya watu.

Na hapa lazima niseme jinsi alivyoyapata, kwa sababu mchungaji alimkanya na yeye hakutubu. Maggie, mke wa Ng'ang'a mwenye ploti, alikuja kusukwa kwa ajili ya harusi ya dada yake. Upande wa kushoto ulipoisha, Trizah akaweka kitana chini.

"Sasa Mama Mildred, na huku kwingine?"

"Huku kunangoja wewe. Notisi umeisikia. Unaweka jina ama huweki?"

"Siwezi! Ng'ang'a atasema nini?"

"Atasema mke wake ana nywele nusu."

"Wewe ni mtu mbaya."

"Mimi ni mtu mpole. Harusi ndiyo kesho."

Maggie akajifunga leso akaondoka kwa hasira. Alifika kwa akina mama wa mboga, leso ikateleza, wakamcheka mpaka mmoja akakalia nyanya zake. Akarudi. Akaweka jina. Yuko hapa leo na naona anacheka, kwa hivyo nadhani ameshasamehe.

Ng'ang'a hakucheka. Na tusimhukumu haraka, alikuwa na sababu yake, na ni sababu ya watu wengi wa Kawangware. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na kibaraza kilichotoka nje kwenye njia, na ghorofa ya juu ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote. Akamwambia Trizah, "Ukiita kaunti waangalie ng'ambo, watageuza shingo waangalie na huku. Mpangaji kazi yake ni kulipa kodi na kunyamaza. Mwisho wa mwezi uhame."

Marehemu hakubishana naye. Mwisho wa mwezi ulipofika, Shiundu alitoa vitanda nje, kwa sababu notisi ni notisi. Trizah alifungua mwavuli wake mahali pake pa siku zote na kungoja mteja. Aliyekuja ni Wagaki, mama yake Ng'ang'a, na mkongojo wake. Akakaa kwenye kigoda. Akafungua kitambaa.

"Nisuke."

"Cucu, bibi yangu, hizi ni fupi, hazishiki."

"Shika zile zinashika."

Ng'ang'a akatoka mbio. "Mami, inuka hapo, huyu anahama!"

"Anahama aende wapi, na kichwa changu kiko mikononi mwake?"

"Mami, hujui haya mambo."

"Mimi ndiye sijui? Baba yako alipokata hili shamba, watu wa council walimwambia atoe futi ishirini za barabara. Alilia kama mtoto. Lakini alitoa. Sasa mtu amekuja juzi anataka machozi ya mzee wangu yawe jikoni kwake, na wewe unamfukuza yule anayemkataza?"

"Na kibaraza chetu je? Hao wakija watakiona."

"Kama kimetoka, kirudi ndani. Mama Mildred, usivute sana hapo."

Vitanda vilirudishwa kabla ya chakula cha mchana. Wiki iliyofuata Ng'ang'a alileta mafundi akabomoa kibaraza chake mwenyewe, huku akinung'unika, na Shiundu akamsaidia kubeba mawe.

Pingamizi lilipelekwa kaunti. Kaunti ikalipokea, ikagonga muhuri, na ikatoa kibali hata hivyo. Wengi tulisema basi, yameisha. Trizah akasema kuna kamati inayosikiliza rufaa za mambo ya mipango, na hiyo nayo ina mlango. Wakati huo mashimo ya msingi yalikuwa yamechimbwa mpaka katikati ya njia, na akina mama wanapita ukingoni wakishikana mikono.

Kamati iliwasikiliza Jumatano, tarehe 12 Juni 2024. Wakili wa kampuni alikuwa na suti nzuri. Alianza na marehemu taratibu.

"Mama, una ploti eneo hilo?"

"Sina."

"Una nyumba?"

"Nalipia chumba."

"Sasa, kwa heshima zote, kwenye barabara hii wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayepita."

"Mama, kila mtu anapita."

"Ndiyo hivyo. Hata zimamoto, mkiwaachia."

Wakili akaiambia kamati kwamba mpangaji hana haki ya kupinga, leo yupo hapa, kesho atahamia Kangemi. Mwenyekiti akafungua sheria akaisoma: anayeruhusiwa kutoa neno ni mtu yeyote. Hakuna mahali iliposema mwenye ploti. Kisha akainua ile picha, akauliza bango lilikuwa linaangalia wapi. Wakili akapekua karatasi zake.

"Linaangalia choo, mheshimiwa," marehemu akasema. "Na choo hakikuweka pingamizi."

Kibali kilifutwa. Kampuni ikaambiwa ifukie mashimo, irudishe jengo nyuma ya mpaka wa njia, na ianze upya kwa notisi inayosomeka. Siku hiyo Kawangware ilisukwa nywele bure.

Lakini mtu mwenye ghorofa tisa kichwani halali. Mwaka huu, mwezi wa Machi, bango jipya lilisimama, safari hii limeangalia barabara, kubwa, zuri, na limewekewa taa. Austin mwenyewe ndiye aliyeleta habari za ramani mpya, akiwa amekaa kwenye kigoda, kichwa chake katikati ya magoti ya marehemu.

"Mathe, mmeshinda. Chini tumewaachia njia yote. Mita sita, full."

"Na juu?"

"Juu jengo litatoka nje kidogo tu, kuanzia ghorofa ya kwanza. Lakini juu ni hewa ya Mungu."

"Kwa hivyo mtajenga jikoni kwenye hewa ya Mungu."

"Aii mathe, usinivute!"

"Na ngazi ya zimamoto, ikitaka kuinuka ifike ghorofa ya sita, itapenya jikoni?"

"Mimi nimetumwa tu, mathe."

"Najua. Geuza shingo."

Alimmalizia kichwa vizuri, kama kawaida yake. Kisha akaandika pingamizi la pili, majina ya watu yakiwa chini yake kama lile la kwanza. Kaunti ikatoa kibali tena mwezi wa Julai. Akakata rufaa tena mwezi wa Agosti, na kamati ikaamuru pasichimbwe kitu mpaka isikilize.

Hapo ndipo ugonjwa ulipotukuta. Ulikuwa umeanza Oktoba mwaka jana, miguu ikivimba. Madaktari wakasema sukari imeharibu figo. Akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Siku ambazo hakwenda hospitali alikuwa kwenye njia, chini ya mwavuli, akisuka polepole. Rufaa ikapangiwa siku ya kusikilizwa, ikaahirishwa: wakili wao mgonjwa. Ikapangwa tena, ikaahirishwa: wanakamati hawakutosha. Ikapangwa mara ya tatu, faili halikuonekana. Kila mara Trizah alifika, bandeji mkononi, akaketi kwenye benchi mpaka aambiwe aende nyumbani. Hakuna mtu aliyesema wanangoja afe. Sisi ndio tunaosema.

Ndugu wengine walimsihi aache. Walimwambia kesi inamwua. Akawajibu kitandani, na Becky aliyekuwa anamlisha uji alisikia: "Kinachoniua ni figo. Kesi ndiyo inayoniamsha." Shiundu naye akamwuliza kwa upole, kama mume, je, wakihama tu? Akasema, "Tulishahama mara moja, Shiundu. Ukuta ulitufuata."

Marehemu alitutoka Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa amebakisha siku chache tu atimize miaka hamsini na saba.

Sasa nisome sehemu ambayo familia ilikaa kikao juu yake, tukakubaliana isomwe.

Jumapili iliyopita, tukiwa kwenye maombi kule Kawangware, Austin alikuja. Alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akatoa ujumbe aliotumwa. Kampuni inatoa pole. Kampuni itatoa basi la kuleta watu huku, na hema, na gari la kubeba mwili. Na kwa kuwa aliyeweka pingamizi ametutoka, kampuni inaomba mume wake aweke sahihi hapa kwamba rufaa imeondolewa, ili kila mtu apumzike.

Msiba ni mzigo, na njia ya kutoka Nairobi hadi Shianda ni ndefu. Mzee mmoja wa familia alisema, kwa nia njema kabisa, "Shiundu, mke wako hayupo tena. Unapigania nini?"

Shiundu si mtu wa maneno, wote mnamjua. Alimwuliza Austin, "Wewe ulisukwa na nani?"

"Na mathe."

"Jina lako liko kwenye ile rufaa?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mtu wa kampuni."

"Sasa hawa wote unaowaona hapa wamekaa, majina yao yako. Trizah alikuwa wa kwanza tu. Rudi na hiyo karatasi. Basi tutajitafutia."

Wagaki akagonga mkongojo wake chini. "Na waambie hata mimi bado niko," akasema. "Kama wanangoja watu wafe, waje na viti."

Basi la kutuleta tulijitafutia. Ng'ang'a mwenyewe ndiye aliyekwenda kulizungumzia, akina mama wa mboga wakachanga, na ndilo lile limesimama pale kwenye miti. Hema tumeazima kanisani. Mnaona limepasuka upande mmoja, lakini kivuli ni chetu.

Asubuhi ya leo tumekuta shada kubwa la maua limeletwa na gari, lina utepe wenye jina la kampuni. Familia imelipokea. Hatukulitupa, kwa sababu marehemu hakutufundisha utovu wa adabu. Liko pale miguuni mwa jeneza. Waliolileta wasikie na wafikishe: maua tumepokea. Njia hatutoi, chini wala juu.

Rufaa itasikilizwa Jumanne, tarehe 25 mwezi huu. Shiundu ndiye atakayesimama mahali pa mke wake, Wagaki atakuwa kando yake, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kile kigoda anaombwa afike mapema. Wakituuliza sisi ni nani, jibu mnalo.

Trizah Nabalayo ameacha mume wake, Shiundu; watoto wake Mildred, Pius, Becky na Kavetsa; wajukuu watatu; dada zake wawili na kaka yake anayesoma haya; wakwe, majirani na marafiki wa Gatwekera, Makina na Kawangware; na wanawake wengi ambao tangu Alhamisi ile hawajui watasukwa na nani.

Mungu amlaze dada yetu mahali pema. Sisi tutalala Jumanne ikishapita.